Gari la kikundi au gari lako? Hesabu siku kabla ya kuuza ng'ombe



Msimu wa kuuza ukifika, swali moja hunifuata kutoka gulio hadi gulio: "Bwana shamba, nimepata hela kidogo, ninunue gari gani?" Mmoja anataka kirikuu, mwingine pikapu, mwenye moyo mkubwa anataja Canter. Tunaongea bei, tunaongea spea, tunaongea mafuta. Swali ambalo sijaulizwa bado ni hili: nitalitumia siku ngapi kwa mwaka?

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini. Wengi wetu hapa Balangdalalu hatuhitaji kumiliki gari. Tunahitaji gari kwa siku chache zinazojulikana: kuleta mbegu na mbolea, kutoa mazao shambani, kupeleka mzigo Katesh, kufuata bidhaa za duka, na siku ya mgonjwa. Siku zilizobaki gari linakaa chini ya mti, kuku wanataga ndani yake, na bado linakula hela.

Tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, ziondoe uweke za kwako. Tuseme umenunua kirikuu iliyotumika kwa shilingi milioni 12, na baada ya miaka mitano utaiuza milioni 6. Hapo kila mwaka umepoteza milioni 1 na laki 2, hata kama hujawasha injini. Bima ndogo tuseme 150,000. Tairi nne kila baada ya miaka miwili, kwa mwaka ni 240,000. Oili na filta mara nne, 320,000. Springi, bushi na shokapu kwa barabara zetu, usiweke chini ya 500,000. Jumla ni 2,410,000 kabla hujaweka hata lita moja ya petroli.

Ukilitumia siku 40 kwa mwaka, kila siku moja imekugharimu 60,250. Ukilitumia siku 10 tu, tairi na springi zitachakaa kidogo, lakini bima na kushuka kwa bei havikusubiri. Kwa makadirio yangu gharama ya mwaka itabaki karibu milioni 1 na laki 7, maana yake 170,000 kwa siku moja. Kwa hela hiyo ungekodi kirikuu na dereva wake, ukampa na chakula cha mchana, chenji ikabaki.

Sasa tuseme watu wanane wameungana, gari lilelile linafanya kazi siku 160. Sitaki kuwadanganya kwamba gharama inagawanywa kwa nane kama keki ya harusi. Gari linalotembea zaidi linachakaa zaidi. Kushuka kwa bei weka 1,600,000 badala ya 1,200,000. Tairi, oili na matengenezo zidisha mara tatu, inakuwa 3,180,000. Bima ni ileile 150,000. Jumla 4,930,000, ukigawa kwa siku 160 unapata karibu 31,000. Ni nusu ya gharama ya yule anayelitumia peke yake siku 40. Na mtaji? Badala ya mtu mmoja kutoa milioni 12, kila mmoja ametoa milioni 1 na nusu. Ng'ombe wengine wamebaki zizini.

Kwa hiyo mimi naweka mipaka hivi. Kama unahitaji gari chini ya siku 20 kwa mwaka, kodi. Ukiwa kati ya siku 20 na 80, tafuta wenzako. Ukizidi siku 100, na una biashara inayolipa safari hizo, nunua la kwako na hutanisikia nikilalamika. Mwenye duka la jumla anayefuata mzigo mara tatu kwa wiki hana haja ya kikundi.

Kuna wanaosema gari ni akiba. Ng'ombe anazaa, gari halizai. Hatari zaidi ni gari la mkopo. Waliolima mbaazi wanakumbuka vizuri mwaka 2017. Misimu miwili ya nyuma bei ilikuwa nzuri, watu wakapata moyo. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zote inazoagiza kutoka nje. Bei huku Manyara ikaanguka vibaya, wengine wakaacha mazao shambani kwa sababu kuvuna kulikuwa hasara. Marejesho ya mkopo hayajui India imeamua nini. Kama kadi ya gari imeshikwa na mkopeshaji na shamba limewekwa dhamana, mwaka kama ule unaondoka na vyote viwili.

Wazo la kutumia gari kwa pamoja si geni. Watu wa mijini Ulaya waliliona zamani, tena wao wana hela. Mwaka 1948 wakazi wa Zürich, Uswisi, walianzisha ushirika wa magari ya pamoja kwa sababu wengi hawakumudu kununua. Mwaka 1987 vikaanzishwa vyama vingine viwili vidogo nchini humo, na mwaka 1997 vikaungana kuwa ushirika unaoitwa Mobility, ambao leo una magari kama 3,000. Mtumiaji analipia muda aliokaa na gari na kilomita alizotembea, basi. Hana fundi, hana bima ya kufuatilia, hana tairi za kununua.

Hapa nyumbani tuna mfano mzuri kuliko huo. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa unafanya kazi nchi nzima, unasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura kwenda hospitali. Unapiga 115 bila malipo, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo karibu anaitwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, kisha analipwa. Hakuna aliyesubiri kila kijiji kipate gari lake la wagonjwa. Walitumia magari ambayo tayari yapo. (Kama hujaihifadhi namba hiyo kwenye simu yako, ihifadhi sasa kisha urudi kusoma.)

Najua kinachowasumbua wazee. Wameona malori na matrekta ya kijiji enzi za Ujamaa, na wameona powatila za Kilimo Kwanza baada ya mwaka 2009, nyingine zikiishia kuota kutu. Mali ya wote haina mwenyewe, wanasema. Nawaheshimu, lakini naomba tuangalie kilichoua vile vyombo. Mara nyingi vilikuja kutoka juu, havikuchaguliwa na watakaovitumia. Powatila nyepesi kwenye udongo wetu mzito ungeitegemea ifanye nini? Na aliyetumia hakulipia kila siku aliyotumia, kwa hiyo spea ilipohitajika mfuko ulikuwa mtupu. Kikundi cha watu wanane waliotoa hela zao mfukoni, wanaojuana hadi majina ya watoto, ni kitu kingine. VICOBA vyetu vinatunza hela za watu kila wiki, na daftari linasomwa mbele ya wote. Gari linahitaji nidhamu ileile.

Lakini msianze kwa kununua. Anzeni kwa kukodi pamoja msimu mzima. Tuseme Canter ya tani 3 inakodiwa kwa 300,000 kufikisha mzigo sokoni. Ukipakia gunia 12 za kilo 100 peke yako, kila gunia limebeba 25,000 ya usafiri. Mkijaza gunia 30 za watu wanne au watano, kila gunia linabeba 10,000. Tofauti hiyo ya 15,000 kwa gunia hakuna dalali atakayekuongezea kwa kumbembeleza. Andikeni orodha: jina la mwenye mzigo, idadi ya gunia, aina ya zao, na kila gunia liwe na alama. Kwenye geti la ushuru orodha hiyo inawaokoa na maneno, na ikitokea gunia limelowa au kupotea mnajua ni la nani.

Msimu huo mmoja utawaonyesha tabia za watu kuliko katiba yoyote. Nani anachelewa kuleta mzigo wakati gari linasubiri? Nani anaongeza gunia mbili kimyakimya? Nani halipi mpaka afuatwe nyumbani? Huyo wa mwisho msinunue naye gari, hata kama ni shemeji.

Mkifika kwenye kununua, jambo la kwanza ni jina kwenye kadi. Gari la wanane likiandikwa jina la mmoja "kwa sababu ndiye anayejua mambo ya mjini", sheria italiona ni lake. Akifariki, ndugu zake watalidai kama urithi. Akiwa na deni, mdai ataliona ni mali yake. Sajilini kikundi halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, muwe na katiba na akaunti ya benki, kisha gari lisajiliwe kwa jina la kikundi. Ni usumbufu wa wiki chache tu.

La pili ni bima. Mwambieni ukweli anayewakatia: gari litatumiwa na watu wangapi na litabeba nini. Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi, halafu ajali ikatokea gari likiwa kwenye kazi ya malipo, inampa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Na mkianza kubeba mizigo ya watu wa nje kwa nauli, hiyo ni biashara ya usafirishaji na inahitaji leseni ya LATRA. Msijidanganye kwamba kijijini hakuna anayeuliza.

Uwezo wa gari pia uheshimiwe. Kirikuu nyingi zimetengenezwa kubeba kilo 350, yaani gunia tatu na nusu. Tunaziona zikibeba gunia nane na abiria watatu juu, halafu mwenyewe anashangaa springi kukatika kila mwezi. Kwenye gari la kikundi kuna kishawishi kikubwa zaidi, kwa sababu anayezidisha mzigo leo si yeye peke yake atakayelipa fundi kesho. Kwa hiyo kirikuu ya pamoja iwe ya pembejeo, bidhaa za duka, mboga na safari za gulio. Mavuno makubwa yaendelee kukodiwa Canter au Fuso.

Daftari liwe moja, kauntabuku ya kawaida inatosha, na likae ndani ya gari. Tarehe, jina, kilomita za kutoka, kilomita za kurudi, mzigo, na hela iliyolipwa. Kila anayelichukua analipia siku na kulirudisha na mafuta kama alivyolikuta. Hela ya siku isigawanywe hata kama mfuko umenona, hiyo ni tairi na injini za kesho. Dereva awe mmoja au wawili, wenye leseni ya daraja linaloruhusu gari hilo. Kila mwanachama akiendesha mwenyewe, klachi haitamaliza mwaka.

Sehemu ngumu kweli ni foleni. Mvua ya kwanza ikinyesha wote wanataka mbegu siku moja, na njia za udongo mweusi zikishalowa hata gari likiwepo halipiti. Siwezi kusema kikundi kinaondoa tatizo hilo. Kinachosaidia ni kupanga safari za pembejeo wiki kadhaa kabla ya mvua, kupakia mizigo ya watu watatu au wanne kwa safari moja, na kupiga kura kwa siku zinazogombewa. Mgonjwa anavunja foleni yote, na familia yake hulipa mafuta tu. Kama kuna mwanachama anayeona hilo la mgonjwa ni la kujadiliwa, rudini kwenye ule ushauri wa shemeji.

Kuhusu heshima, kwa sababu najua ndiyo inayonunua magari mengi kuliko mazao: mtu mwenye funguo mezani gulioni huitwa bosi, ni kweli. Lakini namjua vilevile bosi anayekopa mafuta, na watoto wake wamerudishwa shuleni kwa michango. Kila mtu achague anachotaka kuitwa.

Liandikeni na hili kwenye katiba kabla hamjaenda kutafuta gari: anayetoka kikundini hulipwa hisa yake kwa thamani ya gari siku anayotoka, si kwa bei mliyonunulia, na kikundi kiwe na miezi sita ya kumlipa. Bila hivyo mtu mmoja akikasirika mwezi wa pili, wote mtalazimika kuuza gari kwa bei ya kutupa, tena kwa mnunuzi anayejua kwamba mna haraka.