Kanzu ya Hana na haki ya mtoto kutembelewa



Wengi wetu tunamkumbuka Hana, mama wa nabii Samweli, kwa machozi yake. Tunamkumbuka akiomba mtoto kule Shilo, na tunakumbuka alivyoitimiza nadhiri yake kwa kumpeleka mtoto huyo, akiwa angali mdogo, akakae katika nyumba ya Bwana chini ya uangalizi wa kuhani Eli. Mahubiri yetu mengi huishia hapo. Lakini sura ya pili ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli inaeleza jambo dogo ambalo tunalipita haraka. Kila mwaka, Hana alipopanda pamoja na mumewe Elkana kwenda kutoa dhabihu, alimpelekea mwanawe kanzu ndogo aliyomtengenezea kwa mikono yake.

Hana hakuwa na mtoto karibu wa kumpima. Ilimbidi akisie mabega yamepanuka kiasi gani na mikono imerefuka hadi wapi. Mwaka mzima aliendelea kumlea mtoto huyo moyoni, na siku ya kumwona ndipo alipojua kama amekisia vema.

Naikumbuka kanzu hiyo kwa sababu ya kazi niliyopewa miaka kadhaa iliyopita, mbali na kazi za kawaida za parokia. Naongoza kikundi cha watu watano ambacho, kwa maelekezo ya afisa ustawi wa jamii, husimamia siku ambazo watoto walio katika malezi ya kambo hutembelewa na wazazi au ndugu zao. Neno “kambo” lisikupeleke kwenye hadithi za mama wa kambo. Hapa tunazungumzia familia iliyochunguzwa na kuidhinishwa kumlea kwa muda mtoto ambaye nyumbani kwao hapakuwa salama. Muda huo ukiisha, tumaini ni kwamba mtoto arudi kwao. Hapo ndipo malezi ya kambo yanapotofautiana na kuasili, ambako mtoto huwa wa familia mpya moja kwa moja.

Nchi yetu ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kanuni za malezi ya kambo zilitungwa mwaka 2012. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 9 kwamba mtoto aliyetenganishwa na wazazi ana haki ya kuendelea kuwaona na kuwasiliana nao mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo jambo hilo ni kinyume cha maslahi yake. Tazama haki hiyo ni ya nani. Ni ya mtoto. Siku hizi tunahimizwa sana kuwatoa watoto kwenye makao makubwa na kuwaweka katika familia, na mimi naunga mkono kwa moyo wote. Ila naona tunazungumza sana juu ya mtoto atakakopelekwa, na kidogo mno juu ya atakavyoendelea kuwaona wale alioachana nao. Mimi mwenyewe nimejifunza jambo hili kwa kukosea.

Kulikuwa na mtoto wa miaka saba, ambaye nimebadilisha baadhi ya habari zake ili asitambulike. Aliondolewa kwa mama yake baada ya majirani kutoa taarifa kwamba alikuwa akiachwa peke yake usiku. Aliwekwa katika familia moja nzuri ya parokiani, na mama yake akapangiwa kuja kumwona kila Jumamosi ya pili, saa tatu asubuhi, katika darasa letu la katekesi. Kazi yetu ilikuwa kukaa kando, kuona na kuandika.

Mara ya kwanza mama alifika saa nne na nusu. Mara ya pili saa tano. Mara ya tatu alifika macho mekundu, akijikwaa mlangoni, akasinzia mtoto akiwa anamweleza habari za shule. Nikaandika kwenye daftari kwamba amechelewa tena na kwamba inaonekana amelewa. Tulipokutana kuandaa taarifa, nilipendekeza ziara zipunguzwe hadi moja kwa mwezi. Nilisema kwa utulivu kabisa, nikiamini namtetea mtoto.

Mmoja wetu ni mama mtu mzima aliyeishi miaka mingi kwenye mwalo, huku kwetu kando ya Ziwa Victoria. Akaniuliza, “Baba Paroko, umemuuliza ametoka wapi?” Sikuwa nimeuliza. Akanieleza jambo ambalo kila mtu wa mwaloni analijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi hurudi alfajiri, na mchuuzi asiyekuwepo inapotia nanga hana cha kuuza siku hiyo. Mama yule alikuwa anakesha akingoja dagaa, anawaanika, ndipo anaanza safari ya kuja kwetu, sehemu kubwa kwa miguu kwa kukosa nauli. Macho mekundu yale yalikuwa ya usingizi. Na sababu ya mtoto kuachwa peke yake usiku ilikuwa hiyo hiyo.

Nilirudi nyumbani na aibu, nikafungua tena habari ya Hana. Kabla ya yote, kabla ya mtoto na kabla ya kanzu, kuhani Eli alimwona mama huyo akiomba, midomo ikitikisika bila sauti, akamkemea akidhani amelewa. Kuhani alikuwa amekaa kitini pake, anaona vizuri, na bado hakuelewa alichokiona. Kwa sifa yake, Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akabadili kauli na kumbariki. Nami niliona sina njia nyingine ila hiyo.

Tulipolipitia daftari tuligundua jambo lililonisumbua zaidi. Kulikuwa na mahali pa kuandika saa aliyofika mzazi, alivyovaa, alivyozungumza, alicholeta. Hapakuwa na mahali pa kuandika mtoto alifanya nini. Siku tatu za ziara zilikuwa zimejaa makosa ya mama, na mtoto mwenyewe hayumo. Tukachora ukurasa mpya. Mstari wa kwanza ulioandikwa humo ulisema: “Alimwonyesha mama pengo la jino lililong’oka, wakacheka.” Na kwa ushauri wa yule mama wa mwaloni, tukamwomba afisa ustawi wa jamii ziara zipangwe kufuata siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani. Tangu hapo mama hakuchelewa tena.

Sisemi haya ili kusema kwamba kila mzazi ameonewa. Kuna baba mmoja ambaye ziara zake tulishauri zisimamishwe, kwa sababu kila alipokuja alimtisha mtoto kwa maneno ya chini chini akidhani hatusikii. Zilisimamishwa, na tulifanya vema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wako wazazi ambao ndio chanzo cha uchungu wenyewe. Mtoto asipotaka kumwona mtu aliyemuumiza, asilazimishwe kwa kisingizio cha amri ya kuwaheshimu wazazi. Msimamizi anakaa pale kwa ajili ya siku kama hizo pia.

Kuna jambo jingine ambalo walezi hutuambia mara nyingi: “Baba, afadhali huyo mama asije. Akishaondoka, mtoto hali chakula, usiku anakojoa kitandani, kesho yake anapiga wenzake.” Namwelewa mama mlezi anayesema hivyo. Ndiye anayefua mashuka. Lakini machozi ya kuagana si ushahidi kwamba ziara ilikuwa mbaya. Mara nyingi ni dalili kwamba mtoto bado ana mtu wa kumlilia. Anayepaswa kutuogopesha zaidi ni yule aliyekoma kuuliza lini mama atakuja. Ndiyo maana tunatazama ziara nyingi, tunamsikiliza mtoto, mlezi na mwalimu wake, kabla ya kusema hii imemdhuru au imemfaa.

Sasa naomba tusome habari ya Samweli kwa ujasiri zaidi. Nyumba aliyopelekwa mtoto huyo haikuwa salama kama tunavyodhani. Maandiko hayafichi kwamba wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa waovu, wakiwaonea waliokuja na sadaka na kuwadhulumu wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, na kwamba baba yao alisikia yote, akakemea kwa maneno tu. Samweli alikua katikati ya watu hao. Ziara ya mama yake kila mwaka ilileta kanzu, na ilileta pia macho mawili ambayo hayakuwa ya nyumba ile. Mama anayemvika mtoto kanzu anaona kama amekonda na kama ana alama mwilini.

Kama padre sina budi kulisema hili waziwazi. Mtoto asiyetembelewa na mtu yeyote ndiye rahisi kuumizwa, iwe katika familia, katika makao au katika taasisi yenye msalaba juu ya paa. Sisi wa Kanisa tumejifunza kwa aibu kubwa, duniani kote, kwamba jina takatifu mlangoni halimlindi mtoto. Ukisikia mahali ambapo ndugu wa watoto wanazuiwa kufika bila sababu inayoeleweka, uliza maswali. Na ukiona dalili za ukatili, namba ya simu ya 116 ni ya bure na ipo kwa ajili ya watoto.

Tufanye nini basi? Kwa wenye mamlaka, ombi langu ni dogo. Maafisa ustawi wa jamii ni wachache na kata ni kubwa. Tunapopanga bajeti ya kuwahamishia watoto katika familia, ziara nazo ziwekwe humo: nauli ya mzazi, chumba chenye staha, na mafunzo kwa wanaosimamia. Nauli ya kwenda na kurudi ni fedha kidogo kuliko gharama ya mtoto anayekua bila kujua kwao.

Kwa walezi wa kambo, Mungu awabariki. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na nyinyi mmeibeba kazi hiyo kwa niaba yetu sote. Lakini msiogope mtoto akiwa na watu wawili wa kuwaita mama. Binti Farao alimlea Musa akinyonya kwa mama yake mzazi, na mtoto hakupungukiwa kitu.

Kwa jumuiya ndogo ndogo, mnapowatembelea wagonjwa na wajane, muulizeni pia mzazi ambaye mtoto wake amechukuliwa. Kwa kawaida tunamkwepa. Tunamnong’ona akipita. Huenda anachokosa ni mtu wa kulala na mtoto wakati yeye yuko mwaloni.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto niliyewasimulia. Bado yuko kwa walezi wake, na uamuzi wa lini arudi si wangu. Mdogo wake mama amejitokeza kwamba anaweza kuhamia kwa dada yake ili nyumba isibaki bila mtu mzima usiku, na afisa ustawi wa jamii analichunguza jambo hilo. Ziara iliyopita mama alikuja na shati la shule alilonunua mnadani. Mikono ilikuwa mifupi kidogo. Mtoto alilivaa hivyo hivyo, akakataa kulivua hadi jioni. Nililiandika hilo kwenye ukurasa wake.

Nawatakia Jumapili njema. Mungu awalinde watoto wote wanaolala leo katika nyumba isiyo ya kwao, na awape nguvu za safari wale wanaotembea kwenda kuwaona.