Somo la sauti katika shule zinazoogopa kelele

KATIKA shule nyingi za msingi nchini Tanzania, mwalimu anapotoka darasani kiranja hukabidhiwa karatasi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Ni katika darasa hilo hilo ambamo mtoto hutakiwa kujifunza kwamba sauti hutokana na mtetemo wa vitu. Haishangazi, basi, kwamba sentensi hiyo huandikwa ubaoni, ikanakiliwa daftarini, kisha ikakaririwa hadi siku ya mtihani.

Mtaala unaosisitiza umahiri badala ya kukariri si jambo geni. Uliingia rasmi kwa mageuzi ya mwaka 2005, na umerudi kwa nguvu katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambayo mitaala yake ilianza kutumika Januari 2024. Maandishi yanamtaka mwanafunzi atende. Kinachobishaniwa ni kama mazingira yanamruhusu.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni ukosefu wa maabara. Kwa mada ya sauti, hoja hiyo haina uzito. Rula ya plastiki ikibanwa ukingoni mwa dawati na kuchapwa, mtoto ataona mtetemo kwa macho yake. Akiiacha sehemu ndefu nje, rula hutetemeka polepole na sauti huwa nzito; akiifupisha, mtetemo huwa wa kasi na sauti huwa nyembamba. Kopo lililovikwa puto na kunyunyiziwa punje za mchele litamwonyesha punje zikirukaruka anapopiga kelele karibu nalo. (Zamani wangetumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019.)

Chupa za soda zina somo kubwa zaidi. Chupa yenye maji mengi ikigongwa kwa kijiko hutoa sauti nzito kuliko yenye maji machache. Ikipulizwa mdomoni, mambo hugeuka: yenye maji mengi ndiyo hutoa sauti nyembamba. Sababu ni kwamba inapogongwa, kinachotetemeka ni kioo pamoja na maji yanayokilemea. Inapopulizwa, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki juu ya maji. Mtoto aliyekariri kwamba maji mengi ni sauti nzito atakwama hapo, na kukwama huko ndiko mwanzo wa sayansi.

Nje ya darasa, uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100 unatosha. Mmoja apige debe upande mmoja, wenzake wasimame upande wa pili. Mkono utaonekana umeshuka kabla mlio haujafika, kwani sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde na huhitaji karibu theluthi moja ya sekunde kuvuka uwanja.

Liko pia suala la lugha, ambalo wachapishaji wa vitabu hulipita haraka. "Sauti ya juu" kwa mtu wa kawaida ni sauti kubwa. Kwa mwanakwaya ni ile ya waimbao sauti ya kwanza. Mambo haya ni mawili tofauti: ukubwa wa sauti hutokana na nguvu ya mtetemo, wembamba wake hutokana na kasi ya mtetemo. Kiswahili kina maneno yake tayari, nyembamba na nzito, na mtoto huja nayo kutoka nyumbani. Kumfundisha kwa neno lenye maana mbili ni kumpotosha bila sababu.

Kikwazo cha kweli ni idadi. Kiwango cha Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini tangu ada na michango ya lazima vifutwe kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, shule nyingi za mijini zimevuka mbali kiwango hicho. Rula 80 zikichapwa kwa pamoja, darasa la jirani halisomi. Mwalimu mkuu anayepima nidhamu kwa ukimya hataliona hilo kuwa somo, na mwalimu kijana analijua hilo.

Hasara yake haiishii kwenye alama. Makopo mawili yaliyounganishwa kwa uzi uliokazwa humfanya kila mtoto asikilize kwa zamu na kurudia alichoambiwa. Si kipimo cha daktari, lakini anayeshindwa mara kwa mara pale wenzake wanapofaulu huenda ana tatizo la masikio, na pengine kwa miaka miwili ameitwa mzito wa kuelewa. Katika darasa la kunakili, mtoto huyo hunakili vizuri tu, na hakuna anayemgundua.

Wanafunzi walioanza Darasa la Tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 wanatarajiwa kumaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Wakiulizwa kwenye mtihani sauti hutokana na nini, wachague jibu moja kati ya manne, walimu wa wadogo zao watajua mara moja kama kuna haja ya kutafuta makopo na uzi.