Baridi yabisi si ya wazee peke yao

Hapa kwetu Pwani, baridi yabisi ni maradhi ya bibi na babu. Mtoto akilalamika goti, hukandwa mafuta na kuambiwa anakua. Mara nyingi ni kweli, wala sisemi kila goti likimbizwe hospitali. Lakini iko baridi yabisi ya watoto inayoanzia kooni, na hiyo haina mchezo.

Mtoto hushikwa na mafindofindo. Wiki mbili tatu baadaye homa inampanda na viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko. Kisha maumivu yanaondoka yenyewe, nyumba nzima inasema alhamdulillahi. Kumbe huenda vali za moyo zimeshaguswa. Wengi huja kujua miaka baadaye, kama binti anayeishiwa na pumzi akiwa mjamzito.

Utafiti ninaotaka viongozi wetu wausome ulifanywa kwa jirani, Uganda, ukachapishwa 2022. Watoto zaidi ya 100,000 walipigwa picha ya moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kati ya waliokutwa na dalili za mwanzo bila wenyewe kujijua, 818 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne, jingine halikuchomwa. Baada ya miaka miwili, ambao hali ya vali zao ilizidi kuharibika katika kundi la sindano walikuwa 3. Katika kundi la pili, 33.

Penisilini, dawa iliyotibu babu zetu! Ila asichomwe mtoto kwa kubahatisha, maana wako inaowadhuru, na waliofaidika walithibitishwa kwa picha kwanza. Kwa hivyo kazi ni picha. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, nami nawauliza mawaziri wa afya wa kaunti zetu sita: mashine hizo za kubebeka zitafika lini shuleni na vyuoni?

Watu wazima nao wasisahauliwe. Mwaka huohuo wa 2022, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo ulioharibiwa na maradhi haya na mapigo yasiyo sawa ulionyesha kuwa wafarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu isigande, na nyinginezo za jamii yake, ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani, dawa mpya. Lakini wafarini hutaka damu ipimwe mara kwa mara, na mgonjwa wa kisiwani huhesabu nauli ya boti kabla ya kipimo.