FEDHA ZA CHAMA WAKATI WA UCHAGUZI



Kila ukaribiapo uchaguzi mkuu, barua huanza kufika mezani kwa makatibu wa vyama. Barua hizo zina adabu nyingi. Huomba "mkono" tu: dizeli kidogo, viti na turubai, mchele wa wageni, au hundi isiyo kubwa. Twasema juu yake kwa kuwa tulipata kuketi katika kamati ya chama kimoja, ambacho jina lake tutaliacha, nayo barua ya namna hiyo ikajibiwa na watu watatu jioni moja. Hundi ikaandikwa na turubai likaazimwa. Wanachama walipata habari walipoliona turubai lao limefunika jukwaa la mgombea, na miongoni mwao walikuwamo waliokusudia kumpigia kura mpinzani wake.

Sheria ipo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilitiwa saini mwezi Machi 2010, na sababu zake zilijulikana. Takrima, iliyopewa ruhusa ya kisheria mwaka 2000, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006. Tena mwaka 2008 ukaguzi wa Benki Kuu ulidhihirisha kwamba shilingi bilioni 133 za akaunti ya madeni ya nje zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, na watu wakauliza hadharani iwapo baadhi yake hazikuishia katika kampeni. Basi sheria ilipotungwa ikaagiza kwamba mchango uzidio shilingi milioni 1 kutoka kwa mtu, au milioni 2 kutoka kwa taasisi, ujulishwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ikakataza pia fedha za kampeni kutoka nje. Imerekebishwa mwaka 2024.

Lakini tazameni upande ulioelekezewa sheria hiyo. Atakiwaye kutangaza ni mpokeaji. Msajili huenda akajua. Karani wa Tukuyu au Mafinga, ambaye ada yake hukatwa katika mshahara kabla hajaushika mkononi, huenda asijue kamwe. Tena chini ya kiwango hicho hapana aulizaye, na vyama vidogo kama vyetu hutoa chini ya kiwango. Mwenye kampuni akitoa chake ametoa chake. Kamati ikitoa, imetoa cha watu.

Jambo hili si geni. NUTA ilipoundwa mwaka 1964, wafanyakazi wakawekwa katika chama kimoja kilichofungamana na TANU, na ada ikakatwa mishaharani. Hapana aliyeulizwa apenda siasa gani. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1913 ilishika njia nyingine: chama cha wafanyakazi kitakacho kutumia fedha katika siasa sharti kipige kura kwanza, kiweke mfuko wa peke yake, na mwanachama asiyependa ajitoe bila kunyang'anywa haki zake. Marekani wamekuwa na safari ya kwenda na kurudi: kampuni zilikatazwa kuwachangia wagombea wa nchi nzima mwaka 1907, vyama vya wafanyakazi vikafuata mwaka 1947, kisha Januari 2010 mahakama ikaruhusu vyote viwili kutumia fedha vitakavyo, mradi visishauriane na mgombea. Miezi miwili baadaye sisi tulitunga sheria yetu.

Wako wenzetu wasemao kwamba chama kisichomsaidia mgombea hakitasikilizwa Bungeni. Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Barabara na nyumba za watumishi hazikupatikana kwa kunyamaza. Wala hatutamani kurudi mwaka 1953, Serikali ya kikoloni ilipowakataza watumishi kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Kila mmoja atoe mfukoni mwake, kwa kadiri ya kanuni za utumishi. Tukisemacho ni daftari la chama.

Kwa hiyo tutaleta hoja katika mkutano mkuu: kwamba hundi, dizeli wala turubai la chama lisitolewe kwa mgombea yeyote ila kwa kura ya siri ya wanachama, kwamba fedha hizo ziwe na daftari lake, kwamba asiyependa aandike kwa mweka hazina, naye asidaiwe sababu, na kwamba kila kilichotolewa, hata shilingi elfu kumi, kibandikwe ubaoni ofisini. Matawi yamjibu Katibu kwa maandishi, na yale yaliyokwisha kupokea barua mwaka huu yaziambatishe.