Tunakatwa Usiku, Wanakuja Mchana

Tuseme mapema ili mtu asitupakazie: sisi hatumtetei anayemchoma mwenzake kisu. Huku kambini kwetu, kusini-magharibi mwa Uganda, wanaokatwa ni sisi wenyewe: kijana anayetoka kwenye mpira, mama anayefunga kibanda chake jioni, boda anayerudi na abiria wa mwisho. Mtu akisema polisi lazima wafanye kitu, sisi ndio wa kwanza kuitikia. Shida yetu ni hicho wanachofanya.

Mambo huwa hivi. Mtu anakatwa usiku. Jirani anapiga simu kituoni, anaambiwa gari halina mafuta, mchange. Aliyekatwa anapakiwa kwenye boda, kidonda kimefungwa kitenge, na kesho yake ndugu wanahangaika kutafuta fomu ya PF3. Siku tatu kimya. Siku ya nne, saa tano mchana, eti mafuta yamepatikana! Gari linaingia senta na kubeba kila kijana aliyekuwa anacheza ludo. Huna kadi mfukoni, twende. Unaongea Kiswahili cha Kongo, twende. Jioni wazazi wanachanga tena, na safari hii hakuna anayetaja mafuta. Asubuhi wote wametoka. Aliyekata naye yuko nje, ju hata hakuwepo senta.

Wazee wa Uganda wana jina la hii kitu, tena la Kiswahili: panda gari. Ndivyo watu walivyoita misako ya miaka ya 1980, enzi ya pili ya Obote, askari wakizunguka mtaa na kusomba watu. Inatuuma kidogo kwamba lugha yetu inakumbukwa hivyo.

Na si shida ya wakimbizi tu. Ukitoka huku kwetu kwenda Kampala kwa basi, unapita Masaka. Mwaka 2021, kuanzia Julai, Masaka na wilaya jirani ya Lwengo zaidi ya watu 20 waliuawa usiku kwa mapanga, wengi wao wazee, majumbani mwao. Miaka mitatu kabla, Rais Museveni alikuwa ameshalieleza Bunge mpango wake wa usalama, kamera zikiwemo. Mradi huo wa kamera za Huawei uligharimu dola milioni 126. Sasa bibi wa kijijini Lwengo, aliyekatwa kitandani kwake, kamera ya Kampala ingemwona wapi? Halafu Septemba wakakamatwa wabunge wawili wa upinzani, Muhammad Ssegirinya na Allan Ssewanyana. Walikana mashtaka, na walikaa ndani mpaka Februari 2023 walipopata dhamana. Kesi yao hatuwezi kuihukumu sisi. Lakini tangu siku hiyo stori ikawa ya wabunge, na wale wazee ukitaka kusikia habari zao inabidi uulize.

Kinachokasirisha zaidi ni kwamba sisi tunajua mengi. Kambini hakuna siri. Anayenunua simu za wizi anajulikana, anayetembea na kisu kwenye soksi anajulikana, na dada zetu wanajua njia gani si ya kupita baada ya saa moja. Lakini nani apeleke jina kwenye kituo kilekile kilichombeba kaka yake? Na ukilipeleka, kabla ya jua kuzama mwenye jina ameshaambiwa nani kamtaja. Kwa hiyo tunanyamaza, kisha tunaambiwa vijana hawatoi ushirikiano.

Sasa kuna wanaosema mapanga yakusanywe. Jamani! Panga na jembe wengi wetu tulipewa na mashirika tulipofika, pamoja na sufuria na blanketi, ju huku mkimbizi anapewa kipande cha ardhi alime. Ukimnyang'anya mama panga lake, atakata kuni na nini? Jambazi atanunua lingine sokoni.

Na ninyi kaka na dada wa mashirika, kila baada ya tukio mnatuita warsha ya vijana na amani. Soda tunakunywa, tisheti tunavaa, asanteni. Lakini kijana aliyelala selo wiki iliyopita alihitaji mwanasheria, na hakuna aliyekuja. Katiba ya Uganda inasema aliyekamatwa kwa kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya sheria ya uzururaji vilivyokuwa vikitumika kusomba watu. Wangapi hapa kambini wanajua hayo? Mna wanasheria, mna watafsiri, mna magari yenye mafuta.

Mwenyekiti wa RWC1 anasema mkuu wa kituo atakuja kwenye mkutano wa mwezi ujao. Tutamuuliza gari la usiku linapewa lita ngapi na nani analijaza. Tutauliza kwa nini mtu analipishwa kwa ajili ya PF3, na kati ya wale waliobebwa senta, wangapi walifunguliwa kesi. Aje na majibu kwenye karatasi. Sisi tunaandika orodha ya waliokatwa tangu Januari, tarehe na mahali, na kama kuna ndugu yako hayumo, tuletee jina kabla ya Ijumaa.