Vipimo vya bibi harusi ni amana, na deni liandikwe



Sisi ni mafundi cherehani wa Makuyuni, Korogwe. Kidato cha nne na kozi ya ushonaji, basi, uhasibu hatukusomea. Lakini tunasema wazi: mwanamke mwenye biashara, hata ya meza moja, aandike. Nani kanunua, nani kaacha advansi, nani anadaiwa, nguo ya nani inatoka lini.

Wengi wetu huona kumwandika mtu deni ni kumshuku. "Huyu shoga yangu, nitamwandikaje?" Mbona aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia hilo hilo? Deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na wawepo mashahidi. Mashoga hawakutolewa.

Kuna mama alituletea vitambaa vya sare za harusi ya bintiye, akalipa nusu, akafariki kabla nguo hazijatoka. Warithi walikuja hawajui lolote. Tukawafungulia ukurasa: vitambaa vingapi, kalipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na sahihi yake chini. Deni la marehemu hulipwa kabla mirathi haijagawanywa, na wao walitaka mama yao awe mwepesi. Wakalipa siku ile ile. Bila ukurasa ule tungewaambia nini, na wangetuamini kwa lipi?

Kodi nayo. Viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 viliwatenganisha wenye kumbukumbu na wasio nazo. Mauzo yako yakiwa kati ya sh. milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka na huna kumbukumbu, unatozwa sh. 100,000. Ukiwa nazo, ni asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5 hiyo ni sh. 30,000. Yaani sh. 70,000 zinakwenda kwa kukosa daftari. Na ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya vikundi vya wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024. Kikundi kisichoweza kuonyesha hesabu zake kitasimamia nini mbele ya ofisa?

Sasa tuje kwa bibi harusi, maana hapa tunatofautiana na mafundi wenzetu wengi. Daftari lao liko mezani, wazi: jina, kifua, kiuno, nyonga. Kijana kaja kununua uzi, anasoma. Dereva kaja kuchukua mzigo, anasoma. Mwanamke anavaa baibui mpaka kwenye vidole, halafu umbo lake lote limeandikwa kwa kalamu ya bluu dukani! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini stira tuliijua kabla ya sheria hiyo.

Kwetu madaftari ni mawili. La kwanza ni la mauzo: tarehe, jina, simu, namba ya mteja, bei, alicholipa, anachodaiwa, siku ya kuchukua. Mteja anaondoka na karatasi yenye maneno hayo hayo, ili Mfunguo Mosi, harusi zikifuatana, fundi asije akamzungusha. Daftari la pili lina namba na vipimo tu, jina halimo, na linafungiwa kabatini. Kitambaa nacho kinabandikwa namba.

Wanaotuambia tuhamie kwenye simu, tumewasikia. Mauzo tunayahamisha kila Ijumaa, jumla inajitokeza yenyewe, ni raha. Vipimo hapana. Simu ya dukani wanaichezea watoto, inapelekwa kwa fundi simu, inaazimwa. Wala picha ya bibi harusi akijaribu nguo haikai humo.

Basi dada, ukipimwa popote, muulize fundi vipimo vyako vinakaa wapi na nani anaviona. Harusi ikishapita, unaweza kuomba ukurasa wako uchanwe. Sisi tunauchana mbele yako. Ule wa deni ndio hauchaniki mpaka ulipe.