Frigo haigandishi vizuri: tuangalie nini mbele ya kulipa fundi?

Juma lililopita tuliahidi kuzungumza juu ya vyombo vya nyumbani vinavyotumia umeme. Tunaanza na frigo, kwa sababu frigo ilikaribia kutuvunjia kikundi.

Kikundi chetu kilinunua kongelateri kwa akiba ya AVEC. Iko kwa mama mmoja wetu, mtaani Ndosho, na kila mmoja analeta vyake vya kuuza: sambaza kutoka Kituku, juisi, maji. Mwezi uliopita sambaza zilianza kulainika. Siku ya tatu tulitupa beseni mbili nzima. Hapo maneno yakaanza: eti mtunzaji anaizima usiku, eti watoto wake wanaifungua ovyo, eti anaijaza vitu vyake. Fundi akaja, akaigusa, akasema kompresa imekufa, tutafute dola 120. Wengine wetu wakasema alipe mtunzaji.

Tuliomba siku mbili mbele ya kulipa. Tulichojifunza katika siku hizo mbili ni hiki.

Frigo haitengenezi baridi. Inachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Kompresa inasukuma gazi; likiwa ndani linabeba joto, likifika kwenye mabomba ya nje linaliacha. Joto tunalosikia nyuma ya frigo limetoka kwenye sambaza zetu. Kama joto halina pa kutokea, ndani hakupati baridi, hata kompresa ikiwa nzima. Kiyoyozi cha gari kinafuata sheria hiyohiyo, liwe la mazutu au la umeme. Basi tuangalie moja moja, tukianza na yale yasiyoomba pesa.

Kwanza, vumbi na nafasi. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkeno, na vumbi lake jeusi linaingia kila mahali. Tulichomoa waya, tukavuta kongelateri: mabomba ya nyuma yalikuwa yamevaa vumbi kama blanketi, tena yamebanwa na ukuta. Tukapangusa kwa brashi kavu, tukaacha nafasi ya kiganja kizima. Frigo nyingine mabomba yake yamefichwa ndani ya kuta. Hizo pia zisiegemezwe ukuta wala kupangiwa magunia pembeni. Na isikae karibu na mbabula.

Pili, mpira wa mlango. Chukua noti ya franka 500, ifungie mlangoni, kisha ivute. Ikikaza, mpira ni mzuri. Ikitoka bila kushikwa, hapo ndipo hewa ya joto inapoingia. Pima pande zote. Kona moja ya kwetu haikushika hata kidogo. Tuliosha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukauvuta taratibu mpaka ukarudi mahali pake. Ukiwa umepasuka, ubadilishwe.

Tatu, barafu ukutani. Ikizidi nusu sentimita, inazuia baridi kufikia chakula. Zima, fungua, weka sufuria ya maji moto ndani, uache iyeyuke. Usikwangue kwa kisu! Kisu kikitoboa bomba, gazi lote linaondoka, na hapo ndipo dola zitakapohitajika kweli.

Nne, umeme wenyewe. Baada ya kazi hizo tatu, kesho yake asubuhi sambaza zilikuwa ngumu. Lakini saa moja ya jioni zikaanza tena kulegea, na kompresa ikawa inanguruma kidogo, inapiga klik, inanyamaza. Jirani fundi wa umeme alipima: volti 165, badala ya 220. Ni saa ambayo mtaa mzima unawasha taa, redio na pasi. Kwa umeme dhaifu kompresa inashindwa kuanza, inapata moto, na mwisho inakufa kweli. Tuliamua kuizima saa hizo za jioni bila kuifungua, kwani kongelateri iliyojaa na kufungwa vizuri inashika baridi muda mrefu. Tunachanga sasa kwa ajili ya stabilizateri. Na kila umeme ukikatika, ukirudi tusubiri dakika tano mbele ya kuwasha tena.

Tano, gazi. Hili si kazi yetu, ila maswali ni yetu. Gazi haliishi kama mafuta ya taa. Limefungwa ndani na linazunguka miaka na miaka. Likipungua, kuna tundu. Fundi akisema "naongeza gazi", tumuulize: "Limetokea wapi, baba? Utaziba wapi?" Akiongeza bila kuziba, baada ya majuma machache tutalipa tena. Tusome pia kibandiko cha kompresa: kikiandikwa R600a, gazi hilo linawaka. Kazi ifanyike nje au madirisha wazi, mbabula zikiwa mbali.

Neno moja la afya: samaki aliyeyeyuka na kupata joto asirudishwe kwenye baridi ili auzwe kesho. Hasara ya beseni ni afadhali kuliko watoto kuharisha.

Wamama, kompresa haikuwa imekufa, na dola 120 bado ziko kwenye kasha letu. Lakini kuna jambo limetuumiza zaidi. Mama mtunzaji alikuwa ametuambia tangu juma la kwanza kwamba jioni kongelateri inapiga klik. Tulisikia, hatukusikiliza, tulikuwa tumekwisha kumhukumu. Siku ya mkutano tulisimama mbele ya wote tukamwomba radhi, na beseni zile mbili tuliziandika hasara ya kikundi, si yake. Kikundi chenye chombo cha pamoja kiweke daftari karibu nacho: siku, saa, umeme ulikuwaje, nani aliweka nini. Daftari lingetuonyesha mapema kwamba shida inakuja jioni.

Juma lijalo: namna ya kusoma mita ya umeme pamoja na watoto. Tubaki salama.